Hata Kirukia Kina Ukoo Wake

Mashamba na viwanja vya Kampene, katika teritwari ya Pangi, jimbo la Maniema, yamejaa mimea ambayo kwa sura haihusiani hata kidogo: mihogo ya sombe, migomba, mpunga, mahindi, karanga, maharage, michikichi ya mawese, maboga, viazi vitamu, bamia, na pengine mti wa avoka au wa machungwa uliosimama karibu na mlango. Nyuma ya mashamba ni msitu, na msituni idadi ya namna za mimea inazidi uwezo wa mtu mmoja kuzihesabu. Karibu yote hiyo ni mimea ya maua, hata mpunga na mahindi ambayo maua yake hayana rangi ya kumvuta mtu ayatazame. Dunia nzima ina zaidi ya spishi 300,000 za mimea ya maua, na mpangilio unaofuatwa na wanabotania wengi leo, ambao toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2016 na kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali liitwalo APG, umezigawa katika familia 416. Mtu ana haki ya kuuliza familia hizo zinapangwa kwa kigezo gani, na kigezo hicho kinamfaa nini anayelima ili ale. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba mimea hupangwa kwa nasaba, yaani nani katoka kwa nani, na sura ya nje au namna mmea unavyojitafutia riziki haitoshi kuwa kigezo. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote wa jambo hili unatoka kwa mimea inayodharauliwa na kulaaniwa: ile inayoishi kwa kunyonya wenzake.

Nasaba haionekani kwa macho, kwa hiyo kwa muda mrefu ilibidi itafutwe kupitia alama. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliigawa mimea katika madaraja 24, akitegemea zaidi idadi na mkao wa stameni, yaani viungo vya ua vinavyotoa chavua. Mpango huo ulikuwa mwepesi kwa mtu mwenye subira ya kuhesabu, lakini uliwatenga ndugu na kuwaunganisha wasiojuana, kwa kuwa ulisikiliza shahidi mmoja tu. Mwaka 1789 Antoine-Laurent de Jussieu wa Paris alichapisha mpango wa familia 100 uliopima alama nyingi kwa pamoja, na nyingi kati ya familia zake zimedumu hadi leo. Somo lililobaki ni kwamba alama hazilingani uzito. Urefu wa shina, ukubwa wa jani, hata utomvu, hubadilika upesi mmea unapohamia mazingira mapya, lakini muundo wa ndani wa ua na wa tunda hubadilika polepole. Karanga haifiki magotini, na limbali, mti ambao sehemu kubwa za msitu wa Kongo unazitawala karibu peke yake, hupita mita 30. Hata hivyo wote wawili hutoa tunda la ganda lenye mbegu ndani, lililokua kutoka chumba kimoja cha ovari, na wote wawili ni wa familia ya maharage. Jina la kitaalamu la limbali ni Gilbertiodendron dewevrei, kwa kumkumbuka Alfred Dewèvre, Mbelgiji aliyekusanya mimea nchini Kongo kuanzia mwaka 1895 hadi alipofariki huko mwaka 1897. Tazama pia muhogo, mpira na mbarika. Muhogo na mpira hutoa utomvu mweupe ukikata, mbarika hautoi, na mtu angeweza kuuondoa mbarika kundini kwa sababu hiyo. Lakini wote watatu wana maua ya kiume na ya kike yaliyotengana, na tunda lililogawanyika vyumba vitatu. Ni tunda linalosema kweli, na utomvu unaweza kukupoteza.

Sasa tuwageukie wanyonyaji, na kwanza tuwaondoe wanaosingiziwa. Okidi inayokaa juu ya tawi hainyonyi kitu. Imepanda ili ipate mwanga, na maji yake ni ya mvua. Mtini wa msituni unaoanza maisha juu ya mti mwingine, ukashusha mizizi na kuuzingira hadi kuuua, ni mnyongaji kweli, lakini hanywi maji ya mwenzake. Mmea kimelea halisi hutambulika kwa kiungo kimoja, hausitoria, kinachopenya kwenye tawi au mzizi wa mmea mwenyeji na kuungana na mishipa yake. Kirukia, kile kijiti chenye majani mazito kinachoota juu ya miavoka, michungwa, mipera na mibuni, kina kiungo hicho. Kwa kuwa majani yake ni ya kijani, hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua, na kinachokichukua kwa mwenyeji zaidi ni maji na chumvi za udongo. Ndiyo maana mwenyeji mwenye virukia vingi huanza kukauka kuanzia ncha za matawi. Ndiyo maana pia kuvunja kirukia kwa mkono hakusaidii, maana hausitoria imebaki ndani ya mti na itachipua tena. Tawi lazima likatwe chini ya pale kilipojishika.

Wengine wameacha kabisa kujitengenezea chakula. Kwenye sakafu ya misitu, kuanzia Afrika Magharibi kupitia Kongo hadi Uganda na Kenya, huchomoza mmea mwekundu wenye magamba makali, usio na jani la kijani hata moja, ambao mtu huweza kuudhania uyoga. Ni mmea wa maua, Thonningia sanguinea, uliopewa jina hilo mwaka 1810 na Martin Vahl kwa heshima ya Peter Thonning, Mdenmark aliyeukusanya katika pwani ya Ghana ya leo. Shina lake linatambaa chini ya ardhi likishikilia mizizi ya miti, na kinachotokea juu ni kichwa cha maua tu, cha kiume mbali na cha kike. Kirukia juani na Thonningia gizani havifanani kwa lolote, lakini ushahidi wa vinasaba unaviweka katika oda moja, yaani kundi la familia zenye nasaba moja, ile ya msandali. Hapa unyonyaji ni kazi iliyorithiwa: mzee wao alianza kunyonya, na wajukuu wakaendelea, wengine kwa kiasi, wengine wakitegemea mwenyeji kwa kila kitu. Nalitaja hili mapema kwa sababu sitaki msomaji adhani nasema riziki haihusiani na ukoo kamwe. Ukoo huweza kukuambia kazi. Kazi ndiyo isiyoweza kukuambia ukoo, na hapo ndipo wataalamu walipojikwaa kwa zaidi ya karne moja.

Mfano wa kwanza ni wa nyuzi. Watu wa pwani na visiwani wanaujua mlangamia, mmea usio na majani ya kuonekana, ambao nyuzi zake za kijani na manjano hutambaa juu ya vichaka na kuvifunika kama wavu. Jina lake la kitaalamu ni Cassytha filiformis. Katika miji ya Kenya, Nairobi na Kisumu ikiwemo, miaka ya karibuni zimeenea nyuzi nyingine za manjano zinazofunika nyua na miti, nazo ni Cuscuta reflexa iliyotoka Asia. Ukiziweka nyuzi hizi mbili kiganjani utapata taabu kuzitofautisha. Zote zinaota kutoka mbegu, zinamtafuta mwenyeji, zinamzungushia shina, zinamchoma kwa hausitoria ndogo nyingi, kisha zinaachana na ardhi na kuishi hewani. Mtu akipanga mimea kwa mwenendo, hizi ni mapacha. Lakini subiri zichanue, uchukue kioo cha kukuzia. Ua la Cassytha lina sehemu zake tatu tatu, na vifuko vya chavua hufunguka kwa vifuniko vidogo vinavyoinuka kuelekea juu. Vifuniko hivyo ni alama adimu katika mimea ya maua, na utaviona pia ndani ya ua la avoka na la mdalasini. Ua la Cuscuta kwa kawaida lina sehemu tano, petali zake zimeungana chini, na tunda lake ni kavu lenye mbegu zisizozidi nne, jinsi lilivyo tunda la kiazi kitamu. Kwa hiyo uzi mmoja ni ndugu wa avoka na mwingine ni ndugu wa kiazi kitamu, na koo hizo mbili ziliachana zamani sana, wakati mimea ya maua ilikuwa bado michanga duniani. Kila moja ilianza kunyonya peke yake, ikapoteza majani peke yake, na zikafika kwenye sura moja kwa sababu maisha ya namna hiyo yanadai sura hiyo.

Mtu atasema, sawa, lakini kwa mwenye shamba zote mbili ni balaa, na balaa halina ukoo. Sikubali, kwa sababu tofauti ya ukoo inaonekana hata katika namna balaa linavyofika shambani. Tunda la Cassytha limefunikwa na nyama laini, kama ndugu zake wa jamii ya avoka wanavyofunika mbegu zao, na ndege hulila na kwenda kuidondosha mbegu kwenye kichaka kingine. Tunda la Cuscuta ni kavu, ndege hawana haja nalo. Mbegu zake ngumu hukaa udongoni na kusafiri pamoja na mbegu za mazao zisizosafishwa, na udongo ulioshikamana na vifaa, na vipande vya nyuzi vinavyotupwa ovyo baada ya kupogoa nyua. Anayepambana na Cuscuta achunguze mbegu anazonunua na achome nyuzi alizokata. Anayepambana na Cassytha afanye usafi wa vichaka vinavyozunguka shamba kabla ya matunda kuiva. Maarifa haya yamo ndani ya familia ya mmea, na asiyeijua familia atayapata kwa hasara.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi na unawahusu wakubwa wa fani wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpangilio wa Adolf Engler wa Berlin ndio uliotawala hazina nyingi za mimea mikavu, za Ulaya na za makoloni. Ndani yake ilikuwamo familia ya Rafflesiaceae, iliyokusanya mimea isiyo na shina, jani wala mzizi wa kawaida, mwili wake wote ukiwa nyuzi zilizofichwa ndani ya mwenyeji, na kitu pekee kinachotokea nje ni ua. Alikuwamo Rafflesia wa Sumatra na Borneo, ambaye ua la spishi yake kubwa hukaribia mita moja kwa upana na kunuka nyama iliyooza ili kuwavuta nzi. Alikuwamo pia Pilostyles, ambaye spishi yake ya Afrika huishi ndani ya matawi ya miti ya miombo na kutoboa gome kwa vijiua vya milimita chache tu. Walikuwamo Cytinus na Mitrastemon. Waliunganishwa kwa nini? Kwa umaskini wao wa viungo: kila mmoja alikuwa amepoteza karibu kila kitu ambacho mtaalamu angekitumia kumtambua. Mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa hii, vinasaba viliposomwa, familia hiyo ilisambaratika. Pilostyles alionekana kuwa wa oda ya maboga na matango. Cytinus alikwenda kwenye oda ya bamia na pamba. Mitrastemon alikwenda kwenye oda ya chai. Na Rafflesia mwenyewe, mwenye ua kubwa kuliko yote duniani, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Charles Davis na wenzake ulimweka miongoni mwa ndugu wa muhogo na mpira, familia ambayo kwa kawaida maua yake ni madogo mno. Watoto wa nyumba nne tofauti walikuwa wameandikwa kuwa wa baba mmoja kwa sababu tu wote walikamatwa wakiiba. Leo inakubalika kwamba unyonyaji umezuka mara 12 hivi katika historia ya mimea ya maua, kila mara katika ukoo tofauti, na kwamba spishi zinazoishi hivyo ni zaidi ya 4,000, sawa na asilimia 1 hivi ya mimea yote ya maua.

Pingamizi la haki linakuja hapa. Kama macho ya wataalamu wazoefu yalidanganyika kwa miaka mingi, kwa nini tuviamini vinasaba? Navyo si vinaweza kudanganya? Vinaweza, na wanyonyaji ndio waliotufundisha hilo. Wanabotania walikuwa wamezoea kusoma vinasaba vya kiwiliti, yaani kijumba cha ndani ya seli kinachobeba umbijani, kwa sababu ni rahisi kuvipata na vinabadilika kwa utaratibu. Mmea ulioacha kujitengenezea chakula haukihitaji tena kiwiliti hicho kwa kazi yake kuu, na vinasaba vyake huharibika, hupungua, na kwa ndugu mmoja wa Rafflesia vimetoweka kabisa. Watafiti wakageukia vinasaba vya mitokondria. Huko wakakuta jambo la ajabu: baadhi ya vinasaba vya Rafflesia vilifanana na vya Tetrastigma, mtambaazi wa familia ya mzabibu ambao ndio mwenyeji wake wa pekee. Mamilioni ya miaka ya kuunganishwa mishipa yalikuwa yamehamisha hata vipande vya nasaba kutoka kwa anayenyonywa hadi kwa anayenyonya. Mtu aliyesoma kipande kimoja tu angeapa kwamba Rafflesia ni ndugu wa mzabibu. Davis na Kenneth Wurdack walilieleza hilo mwaka 2004. Lakini angalia kosa hilo lilivyogunduliwa. Vipande vingi vilisema jambo moja, kipande kimoja kikasema lingine, na hicho kimoja kikamtaja yule yule ambaye mmea umejishikiza kwake. Dawa ya shahidi mmoja mwongo ni kuita mashahidi wengi, kama Jussieu alivyofanya mwaka 1789 kwa alama za ua na mbegu. Vinasaba havikuliondoa ua kwenye baraza la ushahidi, viliongeza tu idadi ya wanaoulizwa, na katika mfano wa Cassytha vilithibitisha kile ambacho vifuniko vya chavua vilikuwa vimekwisha kukisema.

Wapo pia wanaochoshwa na majina kubadilika, na hoja yao naiheshimu. Mwalimu anafundisha leo kwamba kiduha, Striga, ni wa familia fulani, na baada ya miaka michache kitabu kipya kinamweka kwingine. Ni kweli: kiduha aliwekwa kwa muda mrefu katika Scrophulariaceae, na tangu mwanzo wa karne hii yumo katika Orobanchaceae. Lakini mabadiliko hayo yalifanywa kwa sababu, na sababu yenyewe ina faida. Zamani nusu-wanyonyaji wenye majani ya kijani kama kiduha waliachwa na jamaa zao wa kijani wasionyonya, na wanyonyaji kamili wasio na umbijani wakatengewa familia yao. Ulikuwa tena mgawanyo wa kazi. Nasaba ilipofuatwa, wote wanaonyonya mizizi katika kundi hilo walionekana kuwa wa mzee mmoja, kwa hiyo wakaunganishwa. Sasa ukitazama familia moja unaona ngazi nzima ya unyonyaji. Rhamphicarpa, anayesumbua mpunga wa mabondeni katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, anaweza kukua hata bila mwenyeji, ingawa akimpata hustawi zaidi. Kiduha ana majani ya kijani lakini mche wake hauwezi kuishi bila mzizi wa kuushika. Wengine hawana ukijani hata kidogo. Mtafiti anayetaka kujua unyonyaji ulianzaje ana wa kuwalinganisha, na anawapata katika familia moja.

Kiduha ndiye anayenipa hoja nzito kuliko zote kwa wakulima. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Haziamshwi na mvua peke yake. Huamka zinapoonja kemikali inayotoka kwenye mzizi ulio karibu, na ya kwanza kati ya kemikali hizo ilitambuliwa mwaka 1966. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mmea hutoa kemikali za jamii hiyo ili kuwaita kuvu wa udongoni wanaousaidia kupata chakula. Kiduha anasikiliza wito usiomhusu. Wenyeji wake wakuu ni mtama, mahindi, ulezi, uwele, mpunga na miwa, na wote hao ni wa familia moja, ya nyasi. Mahindi yalifika Afrika kutoka Amerika baada ya mwaka 1500, yakiwa hayajawahi kukutana na kiduha, na kiduha akayashambulia kama aliyekuwa akiyajua, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa mtama wa Afrika. Mkulima wa savana, kama zile zinazoanza kusini mwa Maniema msitu unapokoma, akipokezanisha mahindi na mpunga wa nchi kavu, kisha mtama, anaamini amebadilisha zao mara tatu. Kwa kiduha hajabadilisha kitu. Kubadilisha kweli ni kutoka nje ya familia: soya na karanga huziamsha mbegu za viduha vya nafaka, lakini mche ukitoka hauwezi kujishika kwenye mizizi hiyo, nao hufa. Taasisi ya ICIPE ya Kenya, pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, tangu miaka ya 1990 imeendeleza kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kilimo cha kupanda desmodium katikati ya mistari ya mahindi, na desmodium naye ni wa familia ya maharage. Kanuni hii ina mipaka yake, na ni vizuri isemwe: kuna kiduha wa spishi nyingine, Striga gesnerioides, anayeshambulia kunde, na nduguye Alectra vogelii hushambulia kunde na karanga. Lakini mipaka hiyo nayo inafuata familia. Anayejua yupi anafuata ukoo upi atapanga msimu wake kwa akili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wazee wenyewe. Warega na majirani zao wa Maniema waliijua mimea ya msitu kabla ya Linnaeus kuzaliwa, wakaipanga kwa matumizi: ya kula, ya dawa, ya kujengea, ya sumu. Mpango huo uliwalisha na kuwatibu. Je, familia 416 za kutoka mbali zinaongeza nini? Sidhani mipango hii miwili inashindana, maana inajibu maswali tofauti. Anayetaka dawa ya leo anamhitaji anayejua matumizi. Lakini matumizi hayatabiri. Yakikuambia mmea huu ni dawa, hayakuambii kuhusu ule wa jirani ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Ukoo hutabiri. Mbuni na mkwinini uliopandwa Kivu ni wa familia moja, inayojulikana kwa majani yanayokaa mawili mawili na kijijani kidogo katikati ya vikonyo vyake, na ni familia yenye kemikali nyingi chungu zinazogusa mwili wa binadamu. Mtafuta dawa mwenye busara huanza kutafuta kwa ndugu wa mmea uliokwisha kuthibitika. Vivyo hivyo mtu anayejua kwamba nyanya, biringanya, pilipili na tumbaku ni ndugu hatashangaa mnyauko wa nyanya ukihamia kwenye biringanya zilizopandwa pale pale.

La mwisho ni la wale wanaosema mmea kimelea hauna thamani ila kung'olewa. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, una majani ya kijani na sura ya kichaka cha kawaida, lakini chini ya ardhi mizizi yake inanyonya mizizi ya majirani. Mafuta ya mti wake yalitafutwa kwa manukato hadi Kenya ikapiga marufuku ukataji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa kutoka nchi za ukanda huu ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Anayetaka kuupanda lazima kwanza ajue oda yake, kwa sababu mche wa msandali ukioteshwa peke yake, bila mmea mwingine wa kushikana nao mizizi, hudumaa. Virukia vya Afrika navyo huchanua maua marefu yenye rangi kali ambayo mengi hufunguka ghafla ndege aitwaye chozi anapoyagusa kwa mdomo, na kumpaka chavua kichwani. Chozi hupata asali hapo, na ndege wengine hula matunda na kuzipangusa mbegu zenye ulimbo kwenye matawi. Katika mti wa matunda kirukia ni hasara na kikatwe. Katika mti wa msituni, sioni sababu ya kukigusa.

Kazi ya kuwatambua hawa haijaisha, na inaanzia mahali kama Kampene. Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933 na ambacho leo ni cha INERA, kuna hazina ya sampuli za mimea mikavu zinazokaribia 150,000, na bustani ya Meise nchini Ubelgiji inahifadhi nyingine nyingi za Kongo. Mwanafunzi au mwalimu wa Maniema anayetaka kupeleka sampuli ya mmea kimelea akate tawi lenye maua na, ikiwezekana, matunda, alibane katikati ya magazeti makavu, na ayabadilishe magazeti hayo kila siku hadi mmea ukauke. Aandike tarehe, mahali, na rangi ya ua kabla haijafifia. Kisha afanye jambo ambalo kwa mimea mingine si lazima: akate pia kipande cha mwenyeji mahali hausitoria ilipoingia, pamoja na majani yake na maua yake kama yapo, avibane kwenye karatasi ile ile, na aandike jina la mti huo kama wenyeji wa kijiji wanavyouita.